Papa, Hata Damu ya Shangazi Ilikuwa na Maziwa

Papa,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye kiti chako cha mbao, kile cha mugongo uliovunjika. Bauma amesema atakitengeneza, na wewe unamujua Bauma: kila kitu ni kesho. Tangu tulipokuzika nimekuwa nikikusemesha njiani kila ninapopanda mulima, na watu wa Kashebere wamezoea kuniona nikichezesha midomo peke yangu. Lakini habari ya leo ni ndefu. Nikiisema njiani tu, nusu itabaki kwenye matope.

Nianze na furaha. Una mujukuu. Bauma na Mapendo wamepata mutoto mwanamuke, tumemuita Asifiwe, na amechukua masikio yako, yale makubwa, masikini wa Mungu. Wewe ulimuacha Mapendo akiwa na tumbo. Hata ukiwa kitandani uliagiza apewe maziwa kwanza, sisi wengine tunywe chai kavu. Usikatae, Papa, ulimupenda yule bibi-arusi wa Itebero kuliko sisi watoto wako, na hakuna aliyekukasirikia, maana sisi pia tulikuwa tunamupenda.

Sasa hii nyingine. Kabla hajaanza hata kuketi, Asifiwe alianza kulia kilio ambacho si cha njaa. Tumbo gumu, anatapika, anakunja miguu. Kwenye viwiko na kwenye matako vikatoka vipele vidogo vya manjano. Wakamuleta kwetu kwenye kituo cha afya, na kwa kuwa mimi njo wa labo, mupima damu wa kituo, mimi njo nilimuchoma sindano. Papa, nilivuta, na kilichoingia kwenye sirinji kilikuwa na rangi ya nyanya iliyokorogwa na maziwa. Niliiacha ile damu kwenye kachupa itulie, ikajigawa: chini nyekundu, juu tabaka jeupe zito kama lile la mafuta tunaloondoa kabla ya kutengeneza fromaji, jibini yetu. Mapendo aliliona. Bauma aliliona. Kabla hawajafika nyumbani, mulima wote ulikuwa umeshasikia.

Na ukisema mulima wote, unasema Shangazi Feza. Dada yako hakungoja. "Maziwa ya mama imeingia mu damu ya mutoto," akasema, na neno likawa limekwisha. Unaijua ile imani, ulikua nayo: mama anayenyonyesha akivunja muiko, maziwa yake yanaacha njia ya tumbo na kushika njia ya damu. Mapendo alikuwa ametembelea kwao Itebero akiwa na mutoto mugongoni, na kule alikula nyama ya pori. Basi kosa likapatikana. Shangazi akaita familia iketi siku ya Posho, Jumamosi. Mapendo arudishwe kwao, mutoto abaki kwetu alelewe kwa maziwa ya ng'ombe, mazito, mazuri, ya Masisi.

Unaelewa, Papa? Wewe unaelewa haraka kuliko mimi. Mapendo angepoteza mutoto wake, na yale maziwa mazito ya ng'ombe yangemuua mutoto mwenyewe. Na wote wangesema tumefanya vizuri.

Usiku ule sikulala, nilikuwa nakufikiri wewe na yule mwana-kondoo wa jirani aliyegongwa na pikipiki. Unakumbuka? Walikuita useme kama nyama inaweza kulika, maana kila kitu chenye miguu mine kilikuwa cha Papa Veterineri. Nilikuwa natoka shuleni, ukanivuta mukono. Ulimupasua tumbo taratibu, ukatandaza ile ngozi nyembamba inayoshikilia matumbo, ukainua ili mwanga upite. Ndani yake kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kama za cherehani, zinakutana, zinaungana, zinapanda kuelekea mugongoni. Uligusa mumoja kwa ncha ya kisu, likatoka tone la maziwa. "Alikuwa ametoka kunyonya," ukaniambia. "Hii njo njia ya mafuta. Angalia sana, Faida, ikikaa kidogo itapotea." Wenye kondoo walisimama wanangojea nyama yao, wanaguna, na wewe uko pale unacheka peke yako kwa furaha. Sijaona muntu mwingine anayefurahi hivyo mbele ya utumbo.

Na njiani ukanieleza yote, hatua kwa hatua, kana kwamba nilikuwa muntu muzima. Kwamba mafuta hayapatani na maji, na damu karibu yote ni maji, kwa hiyo mwili hautumi mafuta yakiwa uchi. Utumbo unayafunga katika vifurushi vya duara, vidogo kupita macho. Ndani, mafuta. Nje, ngozi ya vitu vidogo ambavyo kila kimoja kina kichwa kinachopenda maji na mukia unaoyachukia. Vichwa vyote vinaangalia nje, mikia yote inajificha ndani, na hivyo mafuta yanasafiri ndani ya maji bila ugomvi. Juu ya ngozi ile kuna protini, zimekaa kama alama, na kwa alama hizo kila kiungo kinajua muzigo huu ni wa nani. Vifurushi vikubwa vya utumbo havipiti kwanza kwenye maini kama chakula kingine. Vinapanda kwa zile nyuzi nyeupe, vinapita kifuani, vinamwagika katika mushipa mukubwa karibu na bega la kushoto. Nilijishika bega siku ile njia nzima.

Halafu tukafika kwenye bariyeri, ile kamba ya askari inayofunga njia. Wamama wenye bidoni za mawese kutoka Walikale walikuwa wamepanga musitari, kila mumoja anaacha kidogo ili kamba ishushwe apite. Ukainama kwenye sikio langu: "Mu mwili pia kuna bariyeri. Lakini ile ya mu mwili haikule yenyewe, inapikia majirani." Ukaniambia kwenye kuta za mishipa midogo kabisa, ndani ya nyama, ndani ya mafuta, ndani ya kiwele cha ng'ombe, kuna mufanya kazi anayesimamisha kila kifurushi, anaangalia alama yake, anapakua mafuta, na kiungo cha pale kinakula. Kifurushi kinapungua, na mabaki yake yanaenda kwenye maini. Maini nayo yanatuma vifurushi vyao, ambavyo vinapakuliwa vinapunguka mpaka vinabaki vidogo, vizito, vimejaa kolesteroli. Na kuna vile vingine, vidogo kuliko vyote, vinavyozunguka vikiokota masalio na kuyarudisha kwenye maini. Ulisema damu ya ng'ombe imejaa hivyo vya kuokota kuliko yetu. "Ng'ombe anatupita kwa usafi," ukasema kwa sauti, na musoda wa bariyeri akafikiri unamusema yeye. Nusura tulale pale!

Nilicheka peke yangu kitandani, Papa, kisha nikalia. Ulikuwa muntu wa namna gani wewe?

Asubuhi nilituma picha ya ile kachupa kwa dokta mumoja wa watoto kule Goma, mama mupole, anayejibu hata siku ya Mungu. Alinipigia mara moja. Jina la ugonjwa ni refu, la Kifaransa, litaujaza ukurasa huu bure. Maana yake ni hii: bariyeri ya Asifiwe haina mufanya kazi. Au yupo, lakini vifurushi vimekosa ile alama anayoitafuta. Kipimo cha kujua ni kipi kati ya hayo mawili kiko mbali sana. Mafuta yanaingia kwenye damu kama ya mutoto yeyote, lakini hayapakuliwi. Yanazunguka tu na kujazana, mpaka kongosho linakasirika, na njo yale maumivu ya tumbo. Inchi hii nzima tunaomba Mungu aondoe bariyeri, na mimi nikawa napiga magoti namuomba aweke moja.

Dokta akasema mafuta yaondolewe leo leo. Maziwa ya ng'ombe yenye mafuta yake, hapana kabisa. Ya mama, yakamuliwe, yaachwe yatulie mahali pa baridi, tabaka la juu liondolewe, mutoto apewe ya chini, na matone machache ya mafuta ambayo yeye mwenyewe angenielekeza, maana mutoto hawezi kukua bila hata kidogo. Mutoto akipata nguvu, tumupeleke Goma amuone.

Nikapanda mulima nikikimbia. Nikamueleza Shangazi kila kitu, vifurushi, alama, bariyeri. Alinisikiliza vizuri, akanipa viazi, akaningoja nimalize kutafuna. Kisha: "Ile yako iko ya mu buku. Miye niliambiwa na bantu waliona na macho." Nikashuka na hasira yangu. Lakini njiani nikajiuliza Papa angefanya nini, na jibu lilikuwa rahisi. Wewe hukubishana na muntu hata siku moja. Ulikuwa unamushika mukono, unamupeleka kwenye mwanga.

Siku ya Posho nilifika asubuhi na masirinji yangu na tuchupa, mukubwa wa kituo amenipa ruhusa. Waliketi uani: Shangazi kwenye kiti, Baba-mudogo wote wawili kwenye benchi, Bauma anaangalia vidole vya miguu yake. Mapendo alikuwa amesimama mulangoni, mutoto mugongoni, nguo zake zimeshafungwa kwenye kitenge. Hakuwa analia. Hiyo iliniumiza kuliko kama angelia.

Nikasema, kabla ya kuongea, naomba tuone damu ya muntu asiye na muiko wowote. Nani muheshimiwa hapa kuliko Shangazi? Akatoa mukono bila kusita, unamujua kwa kujisifu. Nikamuuliza, umekula? "Sijakula kitu tangu niamke." Wote wakatikisa kichwa kukubali. Na juu ya mudomo wake kulikuwa na musitari mweupe! Eh Papa, hii desturi yetu itatuua. Kule labo tunawaambia wagonjwa waje bila kula, wanakuja wamekunywa maziwa vikombe viwili, wanaapa kwa Biblia kwamba hawajakula kitu, na hawasemi uongo. Kwa muntu wa Masisi, maziwa si chakula. Safari hii, kwa mara ya kwanza, niliishukuru.

Nikachukua damu yake. Nikajichoma na mimi mwenyewe, ambaye nilikuwa na njaa tangu jana. Nikapanga tuchupa kwenye benchi pamoja na kale ka Asifiwe. Tukangoja, tukasema habari za mvua na za maharagi. Damu ikaganda, maji yake yakapanda juu, nikainua tuchupa kwenye mwanga mbele yao, kama ulivyoinua ile ngozi ya kondoo. Yangu yalikuwa ya manjano, safi, unaona kidole upande wa pili. Ya Asifiwe yalikuwa meupe mazito. Na ya Shangazi, Papa, yalikuwa na ukungu mweupe, kama maji uliyooshea muchele.

Baba-mudogo mukubwa akaangalia kachupa, akaangalia dada yake. "Feza, na weye? Nani anakunyonyeshaka?"

"Ile ya kwangu inatoka wapi?" Shangazi akaniuliza mimi, sauti imekuwa ndogo.

Nikamuambia ni maziwa aliyokunywa asubuhi, mafuta yake bado yako njiani. "Lakini maziwa haiko chakula!" akapiga kelele, na hata Mapendo pale mulangoni alicheka, akajiziba mudomo.

Nikamuomba asinywe kitu, hata maziwa, hasa maziwa. Alivumilia, ananiangalia vibaya kila kikombe kinapopita. Mchana ulipokuwa umeenda nikachukua damu tena, na maji yake safari hii yalikuwa safi kama yangu. Nikawaambia: mafuta ya maziwa yanapita kwenye damu ya kila mutoto anayenyonya, hiyo si laana, hiyo njo safari yake. Bariyeri ya Shangazi imepakua. Ya Asifiwe haipakui. Na hakuna nyama ya pori inayoleta hiyo. Anazaliwa nayo mutoto aliyepewa upungufu huo na pande mbili, kwa mama na kwa baba. Kwa Mapendo, ndiyo. Na kwa Bauma. Kwetu.

Hapo Baba-mudogo wakaruka. Kwetu? Kwetu haijapata kuwa! Watoto wetu wote wazima! Walikuwa wanasema wote pamoja, na Shangazi ameinua mukono, hawamuoni. Mwishowe akasema bila kupaza sauti: "Na Heri je?"

Papa, mimi sikuwahi kusikia jina hilo. Baba-mudogo pia hawakulijua, walizaliwa na mama mwingine, nyuma. Shangazi akatueleza, macho yake chini. Kwamba nyuma yako Koko, mama yenu, alizaa mutoto wa mwisho, Heri. Kwamba alilia tumbo kama huyu. Kwamba walimuita mutu wa pembe aje amuumike, na ile pembe ya ng'ombe ilipotolewa mugongoni pake, damu ndani ilikuwa kama imekorogwa na maziwa. Wakasema ni maziwa ya mama. Wakamurudisha Koko kwao, upande wa Hombo, bila mutoto. Heri akapewa maziwa ya ng'ombe, mazito, mazuri. Hakukaa. "Na Papa yako," Shangazi akaniambia, "aliuliza kila muntu pa mulima: ile nyeupe ilitoka wapi? Hakuna aliyemujibu. Miye nilimuambia anyamaze."

Kisha akalia, Papa. Dada yako Feza, ambaye hakulia hata kwenye mazishi yako. "Nilikuwa nataka kufanya Mapendo vile walifanya mama yangu," akasema.

Hukuniambia. Miaka yote hiyo, vile vikombe vya damu ya ng'ombe ulivyoacha dirishani vitulie, mama analalamika, wewe unavitazama. Yule mwana-kondoo. Nilifikiri unapenda tu kujua vitu. Nimekukasirikia wiki nzima, na sasa hasira imekwisha, nimebaki kukustaajabia. Ulichukua swali ulilofukuzwa nalo, ukalitafutia jibu mpaka ukalipata, na ulipolipata hukulifanya la uchungu. Ulinipa mimi likiwa limejaa kicheko. Kama ungenipa na machozi yake, nadhani ningelikimbia.

Shangazi aliinuka, akamufungua Asifiwe mugongoni kwa Mapendo, akamushika. "Ingia ndani," akamuambia mama yake. "Ukamue. Kuondoa mafuta mu maziwa, hapa pa mulima hakuna anayenishinda." Na ni kweli, kwa fromaji hakuna. Tangu siku ile njo kazi yake ya kila asubuhi. Vikombe vinachemshwa, maziwa ya Mapendo yanawekwa ndani ya maji baridi ya chemchemi, mafuta yanapanda, na Shangazi anavuta ya chini kwa sirinji isiyo na sindano, ulimi nje kama mutoto anayejifunza kuandika. Anamufokea yeyote anayetikisa meza. Yale mafuta ya juu anamupaka Asifiwe miguuni, anasema hayawezi kupotea bure. Nimeuliza dokta, amecheka, amesema aendelee.

Mutoto anacheka sasa. Maji ya damu yake bado yana ukungu, lakini kidole naanza kukiona. Vipele vinapotea. Hajapona, sitakudanganya, atakwenda na ugonjwa huu maisha yake yote, bila nyama nono, bila mawese. Mutoto wa mwanamuke wa Itebero bila mawese! Mapendo anasema njo adhabu ya kweli. Njia ikitulia tutashuka Goma. Bauma ameshapanga kila kitu, anasema, kwa hiyo nitapanga mimi.

Basi Papa, nikuache upumuzike. Kule uliko, kama Koko yuko karibu, musalimie, lakini yale mengine usimuambie, niachie mimi. Shangazi anakumbuka kaburi lake liko wapi, na amekubali kutembea pamoja nami mpaka Hombo mvua zikipungua, na magoti yake yale. Mapendo atakuja, na Asifiwe mugongoni. Nakuahidi, nitapiga magoti pale, nitamuita mbele ya ndugu zake, wasikie wote, na nitamuambia: "Koko, maziwa yako haikukuwa na kosa lolote."

Mutoto wako,
Faida